Jani Asilolitaja Mama Mkwe

Mume wangu Lamek tumemzika mwezi uliopita hapa Hasamba, pembeni ya mibuni yake. Wanaume waliomwosha walipotoka ndani, mmoja alinijia pale nilipokaa mkekani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, samahani, mguu huu wa marehemu ulipatwa na nini? Una shimo linaloingia kidole gumba." Nikamwambia ni habari ya zamani. Baadaye, wageni walipopungua, binti yangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Chapwa, alikaa nami jikoni akasema siku hizi wanaletewa vidonda visivyosikia dawa yoyote. Wanabadilisha vidonge na sindano, usaha uko palepale. Usugu wa dawa, wanauita. Akasema wataalamu sasa wanarudi kwenye majani na mizizi ya wazee, wanakamua, wanatafuta ndani yake kile kinachoua vijidudu. "Mama, lile jani la baba lilikuwa lipi? Liandike kabla hujasahau." Nimejaribu kuandika. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne la misheni, na tangu hapo nimejizoeza kuandika mistari miwili mitatu kila jioni, mvua imenyesha, fulani amejifungua, basi. Kwa hiyo sina hakika kama ninajua kueleza jambo refu, wala kama ninavyokumbuka ndivyo ilivyokuwa. Nimechoka pia, na mtu aliyechoka hukumbuka zaidi uchovu wake.

Ulikuwa mwaka ule ambao pale hospitali ya misheni walishusha picha ya mfalme wa Waingereza ukutani wakaweka ya binti yake. Tulikuwa hatujakaa sana katika ndoa. Lamek alikuwa Mndali, mpasua mbao. Alifuata kazi ya msumeno wa shimo huku kwetu Unyiha, yeye juu ya gogo na mwenzake chini, wakivutana kutwa nzima. Gogo liliteleza likamchana mguu chini ya goti mpaka mfupa ukaonekana. Walimleta kwa machela, nami nikafuata na sufuria, kibuyu cha unga na khanga mbili, nikidhani tutakaa wiki. Tulikaa mpaka kahawa ikachanua, ikaiva, ikachumwa, na ikachanua tena. Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu cha matofali ya kuchoma, kuta zimepakwa chokaa, madirisha madogo upande wa mashamba. Kahawa ilipochanua harufu yake tamu iliingia ikachanganyika na ya usaha na ya dawa ya sakafu, na hata leo watu wakisifu maua ya mibuni mimi hugeuza uso. Sisi wauguzaji tulikuwa na banda letu nyuma, la nyasi, bila kuta, kila mmoja na mafiga yake. Hapo ndipo nilipoishi hasa. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali na maharage, jioni kilichobaki. Jirani yangu wa mafiga alikuwa mwanamke wa Kamsamba aliyekuwa akimuuguza dada yake, na kila alipopika mchele wake alinichungulia sufuria. "Mnyiha, leo tena maharage? Mumeo akipona mguu ataugua tumbo." Nami nikamjibu kwamba watu wa bondeni mchele wao ni mwepesi, akila mtu asubuhi, adhuhuri ameshasahau kama alikula. Tulitaniana hivyo kila siku, kwa kuwa bila utani pale bandani mtu angelia tu.

Bwana Mganga, daktari wetu Mzungu, alikuwa na sindano nyeupe kama maziwa. Penisilini. Watu waliita hivyohivyo, "maziwa," na waliipenda kuliko dawa yoyote. Mtu alikuja na mafua akadai maziwa. Siwalaumu, walikuwa wameona watu waliokwisha kukatiwa tamaa wakinyanyuka na kurudi mashambani kwao. Wala simlaumu Bwana Mganga kwa kuwapa, maana kumnyima mtu kitu kilichomponya jirani yake si kazi nyepesi. Lamek alidungwa asubuhi na jioni. Mwanzoni kidonda kilikauka, homa ikashuka, tukaanza kuzungumza habari ya kurudi. Kisha kikafunguka upya. Akaongezewa. Kikafunguka zaidi. Vitanda vya jirani navyo vikaanza, aliyeingia na jipu dogo akapata vidonda mgongoni, na dada wa mama wa Kamsamba, aliyelazwa wodi ya wanawake kwa ajili ya kuungua moto, kidonda chake kikageuka kijani. Siku moja nilimsikia Bwana Mganga akimwambia dresa, mfunga vidonda wetu, ambaye alikuwa Mnyiha kama mimi: "Hivi vijidudu vimeizoea dawa. Vimeota sugu." Nikaenda nikamtazama Lamek mikono. Sugu zake za msumeno, zilizokuwa ngumu kama kwato, zilikuwa zimebanduka zote kwa kulala. Viganja vyake vimekuwa laini kama vya karani. Niliwaza, basi sugu imehama, imetoka kwa mwenye kazi imekwenda kwa mdudu. Sijui kama ni wazo la maana. Nilikuwa kijana.

Mama mkwe alikuja kutoka Undali kwa miguu, na kifurushi cha majani makavu yaliyotwangwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa maneno machache na makali. Alimtazama mwanawe mguu, akanusa, akaniambia, "Hiki kidonda kinalishwa. Nani anakilisha?" Nikasema, mama, anapewa dawa. "Dawa gani inanenepesha ugonjwa?" Nilimtafsiria Bwana Mganga, ila maneno hayo ya mwisho niliyalainisha kidogo. Kwa haki lazima niseme kwamba Bwana Mganga hakumfukuza. Alichukua unga ule akaunusa, akaulamba, akakunja uso, akasema anataka masharti mawili tu: uchemshwe katika maji, na yeye mwenyewe aangalie kila asubuhi. Mama mkwe alisema kuuchemsha ni kuuharibu. Wakabishana kupitia kwangu mpaka nikawa sijui nina hasira ya nani. Mwisho wakakubaliana kuloweka katika maji yaliyochemka na kuachwa yapoe kidogo, na hakuna aliyeridhika. Lakini usaha ulipungua, na harufu ikaondoka kwanza kabla ya kitu kingine chochote, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Lamek, umehama? Mbona sikunusi?" Basi mama mkwe akaona mambo yanakwenda, na ulezi wake kule nyumbani ulikuwa umeiva na ndege wanaula. Akaniachia kifurushi akaenda.

Kifurushi kilikwisha kabla ya kidonda. Bwana Mganga akamuuliza Lamek, "Mama yako analiita nini hili jani?" Lamek akataja, bila kusita, jina alilolisikia kwa mama yake tangu utoto. Dresa akacheka. "Hilo? Hilo limejaa kwetu!" Nami nililifahamu. Kwa Kinyiha neno lile ni jani chungu tunalochanganya na maharage ghalani ili yasitobolewe na wadudu. Nilishangaa kidogo, maana lile la kifurushi halikunuka hivyo, ila likishakauka na kutwangwa nani atajua? Nikajiambia, linalozuia mdudu kwenye haragwe labda huzuia mdudu kwenye nyama. Dresa akawaza hivyohivyo. Hata Bwana Mganga alisema inawezekana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Tukalitwanga bichi, tukaliloweka, tukaliweka. Lamek alishika ukingo wa kitanda akasema linachoma. Dresa akamwambia dawa ni kuchoma. Mguu ukavimba mpaka gotini, ngozi ikang'aa, homa ikarudi, na Bwana Mganga akaja akaketi kitandani, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Lamek," alisema, "mimi sitaki kukata. Lakini mguu mmoja unaweza kuua mtu mzima. Nakupa mpaka Jumatatu." Lamek aliuliza swali moja tu: kama kuna mpasua mbao mwenye mguu mmoja aliyepata kumwona. Bwana Mganga akasema hapana. Basi Lamek akageukia ukuta. Alikuwa mtu wa kuimba kwenye shimo lake la mbao, sauti yake ilisikika mpaka mtoni. Tangu saa ile akawa hasemi hata na mimi.

Habari ikafika Undali, wakaja wawili, kila mmoja kwa njia yake, maana hawakuweza kuongozana. Wa kwanza alikuwa babu yake Lamek, mzee wa fimbo, baba mkwe wa mama mkwe wangu. Kwangu mimi alikuwa wa utani, ndivyo desturi ilivyo kwa babu na mke wa mjukuu. Alipofika tu akaketi kwenye baraza la mbele la wodi akaita, "Mke wangu! Nimekuja kumwona huyu mume wako mdogo anayelala tu. Umenipikia nini?" Nikampa viazi. Wa pili alikuwa mama mkwe, aliyefika mchana wa Jumamosi, miguu imejaa vumbi. Aliposikia kikohozi cha mzee barazani akazunguka nyuma ya jengo, amejifunika khanga mpaka machoni, akaingia bandani kwetu kwa mgongo. Lazima nieleze hapa, kwa sababu wajukuu zangu hawayajui haya. Kwa Wandali, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani hupisha. Jina lake haliweki mdomoni, na si jina tu, hata neno lolote linalofanana nalo. Tuseme mzee angeitwa Moto. Basi huyo mwanamke hangesema tena moto maisha yake yote, angetafuta neno jingine, na watoto wake wangekua wakiita moto kwa hilo neno jingine, wasijue kama limeazimwa.

Mama mkwe alipoona kinu alichota majani kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

"Ni ile dawa yako, mama. Lamek alitutajia jina."

Akanusa. Akatupa chini. "Mwanangu ni gunia la maharage? Mnamhifadhi mpaka msimu ujao?"

Mama wa Kamsamba akacheka mpaka akashika mwiko kifuani. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Lakini ndilo jina unaloliita wewe." Alikaa juu ya kuni, akafikicha vumbi mguuni, na polepole nikaona uso wake ukielewa kabla yangu. "Ndivyo ninavyoliita mimi," alisema. "Silo jina lake."

"Jina lake ni lipi basi, mama?"

Nikauliza tena, kwa ujinga wangu. Akasema, "Nimeolewa," kama kwamba hilo ndilo jibu, na kweli ndilo lilikuwa. Nikamwomba aninong'oneze sikioni. Akatikisa kichwa. Nikamwambia Jumatatu wanakata. "Nimesikia," alisema. "Una masikio wewe peke yako?" Akainuka, akazunguka mabonde ya hospitali mchana wote uliobaki akitafuta kwa macho, lakini nchi haikuwa yake. Kule Undali jani analichuma nyuma ya nyumba. Huku hakujua hata mteremko upi una maji. Alirudi jioni mikono mitupu, akaketi, akasema bila kunitazama: "Mwambie Mzungu, jani lina jina la mtu nisiyemtaja. Aulize Mndali yeyote." Lakini Mndali yeyote alikuwa nani? Lamek alikuwa anaweweseka kwa homa, na hata angekuwa mzima, angesema lilelile la maharage. Nilimfikiria sana huyu mama, wakati ule na hata sasa. Binti yangu nilipomsimulia alisema, "Angesema tu! Mguu wa mwanawe!" Sijui. Mimi nadhani kuna mambo ambayo mtu akiyavunja anabaki bila mahali pa kusimama, na kuna mguu wa mtoto, na siwezi kuviweka kwenye mizani. Namshukuru Mungu sikuulizwa mimi.

Nilikwenda barazani na sahani ya mzee. Nilikuwa nalia, naye akanitania, "Mke wangu, chumvi imetosha, usiongeze." Nikamweleza yote. Mzee aliweka tonge chini. Akauliza, "Amesema jina la mtu asiyemtaja?" Nikasema ndiyo. Akageuza fimbo yake. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya mgonjwa wala ya mzee, sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alitaja jina lake mwenyewe. Alilitaja mara ya pili. "Ni mimi! Jani hilo ni mimi! Mwambieni mama huyo ndani asizibe masikio kwa bure, aliyelitaja ni mwenyewe!" Wodi nzima ikageuka. Kule nyuma nikasikia sufuria ikianguka. Nami nikasimama nimepigwa na butwaa, maana jina lile, kwa Kinyiha pia, ni jani. Ni jani la majimaji, lenye manyoya kwa chini, na lilikuwa limeota pale mtoni kwenye jiwe ambalo nilikuwa nikifulia bendeji za Lamek tangu tulipofika. Nilikuwa nimelikanyaga mwaka mzima.

Sasa hapa inanibidi niwe mwangalifu. Watu wa Hasamba wamezoea kusimulia kwamba jani lilimponya Lamek na Mzungu akashindwa. Sivyo nilivyoona mimi. Nilichuma kapu zima jioni ileile, Bwana Mganga akaahirisha kukata, tukaweka jani. Lakini Jumatatu alimfungua mguu akamtolea kipande cha mfupa uliokufa, kirefu kama kidole, na alisema bila kukitoa kile hakuna jani wala maziwa ambayo yangefaa kitu. Mama mkwe alisema bila jani mfupa ule ungeoza wote. Nadhani wote wawili walikuwa na haki, ama hakuna aliyekuwa nayo. Bwana Mganga alituma majani mengine kwa wenzake wenye maabara, nao wakamjibu kwamba maji yake yaliua vijidudu kwenye kisahani, ila kisahani si mtu. Na dada wa mama wa Kamsamba tulimwekea jani lilelile, kwa mikono yangu hii, asubuhi na jioni, naye akafa. Jirani yangu alifunga sufuria yake ndani ya khanga, akanipa mchele uliobaki. "Jani lenu linajua watu wa kwao," aliniambia, nusu mzaha. Kisha akasema, "Hapana, Mnyiha. Nimechoka tu." Akaondoka kushuka bondeni, nami sikumwona tena.

Dawa ile dresa aliiita kwa jina la mzee, kwani ndilo jina tulilokuwa nalo, na alikuwa mtu wa sauti kubwa. Kila asubuhi alisimama katikati ya wodi akiwa na beseni akalitaja jina kwa nguvu, na kila asubuhi mama mkwe, aliyekuwa amekaa miguuni pa mwanawe, alijifunika akakimbia kwa mlango wa nyuma. Wagonjwa walicheka mwanzoni. Wengine wakawa wanalitaja makusudi wamwone akitoka mbio, hadi Lamek, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, akawaambia atakayemkimbiza tena mama yake atapambana naye Lamek akishapona. Nilimwomba dresa apunguze. Akasema, "Dada yangu, dawa lazima iwe na jina." Hakuwa mtu mbaya. Basi mama mkwe hakupata kuona hata mara moja jani lake likifanya kazi. Alikuwa nje ya ukuta, upande wa kahawa, akisubiri nimalize kumfunga nimwite, na kila nilipomwita aliingia akanusa bendeji, akatikisa kichwa kama mtu anayekagua ghala, akaketi.

Mibuni ilikuwa imechanua mara ya pili siku ambayo Bwana Mganga alisema Lamek ajaribu kusimama. Dresa alikuwa ameshalitaja jina na mama mkwe ameshatoka. Lamek alikaa ukingoni, akateremsha mguu mzima, kisha ule mwingine uliokuwa mwembamba kama mpini. Nilimshika kwapa moja na dresa la pili. Akatetemeka, jasho likamdondoka puani. Watu wa vitanda wakapiga kelele wote pamoja, na ndani ya kelele ile nikasikia kugongwa dirishani kwa nje, na sauti ya mama mkwe.

"Kuna nini? Ameanguka?"

"Amesimama, mama!"

Kwa ukali wake uleule akauliza:

"Kwa mguu upi?"

"Yote miwili, mama."

Nilipochungulia nikamwona ameketi chini kati ya mibuni, khanga usoni, mabega yanatikisika, na maua meupe yamemwangukia kichwani bila yeye kuyapangusa.